Sura ya Nne: Nani Kaukata Mche?

"Nipulize dawa gani?" Hilo ndilo swali linalotangulia popote mkulima anapomkamata bwana shamba, iwe kwenye mkutano wa kijiji au kando ya barabara akisubiri gari la ndizi. Na muulizaji ana haki ya kuudhika. Jana jioni kapandikiza nyanya mistari mitatu, kamwagilia, kaiacha imesimama. Asubuhi anakuta nusu yake iko chini. Hataki somo refu. Anataka jina la dawa, aende dukani, arudi.

Tatizo ni kwamba swali hilo limeruka hatua. Kabla ya kuuliza dawa gani, uliza nani: nani kaukata mche, kaukata saa ngapi, na kwa nini kaufikia huu akauacha ule wa jirani. Ukifika dukani bila majibu hayo utauziwa kitu, maana muuzaji naye yuko kazini. Ila dawa ya kunyunyizia majani haimfikii sota aliyejificha udongoni, haimtishi kuku, na panya aliyekuja kufukua mbegu wala hana habari nayo. Hela imekwenda na mche umekwenda.

Katika sura hii darasa letu ni Matombo, upande wa mashariki wa milima ya Uluguru, mkoani Morogoro. Kuna sababu ya kupachagua. Mteremko wa upande ule ndio unaopokea kwanza pepo zitokazo Bahari ya Hindi, kwa hiyo mvua za vuli na masika huwa nyingi, na hata katikati ya misimu hiyo manyunyu hayakauki kabisa. Bondeni kuna mpunga na mboga. Ukipanda kidogo unakutana na migomba, mananasi, michungwa na mafenesi, na humo humo katikati viungo: pilipili manga, mdalasini, iliki, karafuu. Juu kabisa ni msitu, ambao tangu 2008 ni Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uluguru, na vilele vyake vinapita mita 2,600. Shamba la mtu mmoja linaweza kuwa na kuku wa jirani upande mmoja na nyani upande wa pili. Ukiweza kukuza mche Matombo, kwingine utaona mteremko.

Soma jeraha kwanza

Fika shambani kabla jua halijapanda. Hiyo si nidhamu ya kizee tu. Wengi wa wahalifu hawa hufanya kazi usiku, na ushahidi wao hupotea mapema. Ute wa konokono ukikauka hauonekani vizuri. Sota akisikia joto hushuka chini zaidi. Na kuku wakishafunguliwa, watakuja kuvuruga kila alama iliyokuwepo.

Inama. Usitazame shamba zima, tazama mche mmoja ulioharibika, kisha ulio jirani yake. Alama zenyewe ni hizi:

- Shina limekatwa usawa wa udongo, na mche umelala pale pale haujaliwa sana: huyo ni sota.
- Mche umekatwa na kuburutwa kuelekea kwenye tundu lenye kifusi kidogo mlangoni: chenene, yule nyenje mkubwa wa ardhini.
- Majani yana matundu yasiyo na mpangilio, na kuna njia inayong'aa juu yake: konokono, au koa, yaani yule asiye na gamba.
- Mche unanyauka ilhali udongo umelowa; ukiuvuta unatoka kirahisi, mizizi imetafunwa na shina lina vijia vya udongo: mchwa.
- Mbegu imefukuliwa, yamebaki maganda. Au shina changa limekatwa kwa mshazari, safi kama kwa wembe: panya, au sungura kama uko karibu na pori.
- Udongo umetawanywa, mizizi iko juu, mche mzima lakini umeng'olewa: kuku.
- Kitalu kizima kimeanza kulala kuanzia kona moja, shina limekuwa jembamba na la kahawia pale linapotokeza udongoni: hapo hakuna aliyekula chochote. Huo ni ugonjwa uitwao kinyausi, na tutaufikia.

Orodha hii haijakamilika, na haitakamilika. Kuna fuko anayekula mizizi kutoka chini na kuacha vichuguu vilivyopangana. Kuna mbuzi, ambaye hahitaji upelelezi kwa sababu mara nyingi unamkuta bado anatafuna. Lakini ukizijua hizo saba, umeshapata wengi wa wahusika.

Sota, mhalifu wa usiku wa kwanza

Huyu anastahili kurasa zaidi kuliko wengine, kwa sababu ndiye anayewavunja moyo wanaoanza. Sota ni kiwavi, mtoto wa nondo arukaye usiku. Nondo hutaga kwenye magugu mafupi na kwenye udongo wenye unyevu. Kiwavi akikua ana rangi ya udongo, mnene, ngozi ina mng'ao wa mafuta, na ukimgusa anajikunja duara. Mchana hulala udongoni, hana haja ya kwenda mbali. Usiku hutoka, huzungushia mwili kwenye shina na kulikata.

Kinachouma ni kwamba hali sana. Anakata, anaonja, anahamia mche wa pili. Ndiyo maana sota mmoja anaweza kulaza miche kadhaa usiku mmoja, na mwenye shamba akadhani amevamiwa na jeshi.

Sasa lile swali la kwa nini shamba lako na si la jirani. Mara nyingi jibu liko kwenye kalenda. Umelima leo, umechoma au kufyeka magugu leo, na kesho umepandikiza. Sota walikuwa humo tangu mwanzo wakila magugu. Umewaondolea chakula chote, kisha ukawapangia miche laini kwenye mistari iliyonyooka. Wangekula nini kingine? Shamba likitayarishwa wiki mbili au tatu kabla, likaachwa wazi bila hata jani la kijani, wengi wao hufa njaa, huhama au huliwa na ndege. Hiyo ni kinga isiyogharimu shilingi, ila inadai uamue mapema lini utapanda, na hapo ndipo wengi tunaposhindwa.

Kwa mche ulioshakatwa, kazi ni moja. Chukua kijiti, parura udongo kuzunguka kisiki cha mche kwa upana wa kiganja na kina cha vidole viwili. Asubuhi mapema mara nyingi yumo. Utawakuta akina mama Matombo wameinama na vijiti hivyo kwenye vitalu vya nyanya na kabichi, kopo likiwa mkono wa pili, na kopo hilo likishajaa kidogo hupelekwa kwa kuku. Ni ulipaji kisasi unaozaa mayai.

Kwa miche iliyobaki, ifanyie kola. Chana ganda la mgomba, lile la nje la shina lake, upate utepe wenye upana wa kiganja. Zungushia mche bila kubana, uzamishe udongoni vidole viwili, uache vidole viwili juu. Sota hutambaa juu ya udongo au chini yake kidogo tu, akikuta ukuta anauzunguka na kwenda zake. Ganda la mgomba lina faida juu ya kopo lililotolewa kitako, ambalo wengine hulifanya kola: linaoza lenyewe wakati shina la mche limeshakuwa gumu. Wengine husimika vijiti viwili vyembamba vikigusana na shina ili kiwavi asiweze kulizungushia mwili. Inafanya kazi pia, lakini kwa bustani ndogo. Kwa robo ekari utachoka kabla ya sota.

Kwa ufupi: tayarisha shamba wiki mbili au tatu mapema, weka kola siku ile ile ya kupandikiza, na parura asubuhi kila unapoona mche umelala.

Kinga inaanza kitaluni

Mche dhaifu huliwa na kila mtu. Mche uliokomaa huumizwa na kupona. Tofauti hiyo hutengenezwa kwenye kitalu, wiki kadhaa kabla adui yeyote hajauona.

Tuanze na kinyausi. Kinasababishwa na vimelea vya udongoni vya jamii ya kuvu, vinavyopenda unyevu, kivuli kizito na msongamano. Mtu anamwaga mbegu ya nyanya kama anayelisha vifaranga, miche inaota imebanana, anamwagilia asubuhi na jioni kwa mapenzi, na kitalu kinaanza kulala. Anapuliza dawa ya wadudu. Haisaidii, kwa sababu hakuna mdudu. Dawa hapa ni kupanda kwa mistari, kupunguza miche, kupunguza maji, kufungua kivuli hewa ipite, na kitalu kijacho kukihamishia mahali pengine. Matombo, ambako mawingu yanaweza kukaa siku nzima, kumwagilia mara moja kwa siku asubuhi mara nyingi kunatosha, na siku nyingine hakuhitajiki kabisa.

Kisha kuna kukomaza miche: kuizoesha maisha magumu kabla ya kuihamisha. Siku saba hadi kumi za mwisho, punguza maji na ondoa kivuli kidogo kidogo. Shina linakuwa gumu, jani linakuwa nene, rangi inakoza. Sota, konokono na panzi wote hupenda laini. Hujawafukuza, umewafanya wahangaike.

Siku ya kuhamisha, subiri jioni au siku ya mawingu. Na unapochimba shimo, tenganisha udongo wa juu, ule mweusi, na ule wa chini, mwekundu au wa kijivu. Mche upate ule wa juu kwenye mizizi. Wenyeji wa Matombo hawahitaji kufundishwa hili, maana lina historia. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya kikoloni ililazimisha wakulima wa Uluguru kuchimba matuta ya ngazi milimani ili kuzuia mmomonyoko. Kwenye miteremko ile mikali kazi hiyo ilitoa juu udongo wa chini usio na rutuba, mazao yakadhoofu, na watu wakawa wanajichosha kuharibu mashamba yao wenyewe. Mwaka 1955 hasira ziliishia kwenye ghasia pale Matombo na mtu aliuawa kwa risasi za polisi. Mpango ule ukafa. Siasa yake ni ndefu kuliko sura hii, lakini fundi wa udongo atakuambia malalamiko yao yalikuwa sahihi: mche uliopandwa kwenye udongo wa chini hukaa wiki nyingi bila kukua, na kila wiki unayokaa mdogo ni wiki nyingine ya kuliwa.

Panya, na kwa nini miaka mingine wanazidi

Morogoro ina bahati ya ajabu katika jambo hili. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kimekuwa kikichunguza panya wa mashambani kwa miongo mingi, kwa ushirikiano na watafiti kutoka Ubelgiji, na mengi yanayojulikana duniani kuhusu panya wa mahindi Afrika yametoka kwenye mashamba ya mji huo. Morogoro pia ndiko alikozaliwa na kufunzwa Magawa, panya buku aliyenusa mabomu ya ardhini Kambodia na kupewa nishani ya dhahabu na shirika la Uingereza mwaka 2020. Mkulima ambaye panya buku wamemfukulia karanga anaruhusiwa kuisikia habari hiyo kwa moyo mzito.

Mharibifu mkuu wa mbegu na miche, hata hivyo, si buku. Ni panya shamba, mdogo, wa kahawia, ambaye jike lake linaweza kuwa na chuchu 24 na huzaa watoto kumi au zaidi kwa mzao mmoja. Huyu hufuata mvua. Nyasi zikichipua na mbegu zikakomaa, anapata lishe na kuanza kuzaa. Watafiti waligundua kwamba mvua za vuli zikiwa nyingi, kuzaliana huanza mapema, na vizazi vya mwaka ule huongezeka. Kwa hiyo vuli nzuri ya Novemba na Desemba, ambayo mkulima huishangilia, inaweza kuwa dalili ya panya wengi baadaye. Ukiliona hilo, una miezi kadhaa ya kujiandaa. Watu wengi huanza kutafuta mitego wakati mahindi yameshafukuliwa.

Kwa mahindi, hatari kubwa ni tangu mbegu inapoingia ardhini hadi mche unapotimiza kama wiki mbili. Panya hutembea kwenye mstari akifukua shimo kwa shimo, kwa utaratibu unaokera. Baada ya wiki hizo mbegu imeshaisha nguvu yake kwenye mche na haimvutii tena. Hesabu hiyo inakuonyesha wapi pa kuweka nguvu: wiki mbili za ulinzi mkali, si msimu mzima.

Mtego wa ndoo ni wa bei nafuu na unaua wengi kwa usiku mmoja. Fukia ndoo hadi mdomo wake uwe sawa na ardhi, tia maji hadi theluthi moja. Pitisha juu yake waya uliopenya katikati ya gunzi au kopo, gunzi lizunguke kirahisi. Pakia karanga zilizosagwa au dagaa. Panya anarukia chambo, gunzi linazunguka, anatumbukia. Funika ndoo mchana ili mtoto au kifaranga asiingie.

Lakini mtego wa mtu mmoja ni kuchota maji mtoni. Ukisafisha robo ekari yako, wa jirani wanahamia ndani ya siku chache. Hapa nasema bila kumung'unya maneno: kutega peke yako kabla ya kupanda ni kupoteza karanga. Kaya kumi za mteremko mmoja zikitega usiku huo huo, zikasafisha vichaka vya mpakani wiki ile ile na kupanda kwa pamoja, hasara inagawanyika na panya hawapati kimbilio. Anayepanda mapema mwenyewe huwalisha panya wa kijiji kizima. Anayechelewa sana huwapokea wakiwa wamekosa pengine pa kwenda.

Na bundi mwacheni. Najua yanayosemwa akilia juu ya paa. Usiku huo huo anakula panya.

Karafuu na mchwa

Nyanya ikikatwa, unapanda nyingine wiki ijayo. Karafuu ni habari tofauti. Punje kavu ya karafuu inayouzwa dukani haioti; ni ua lililochumwa kabla halijafunguka. Mbegu ni tunda lililoachwa mtini likaiva, nalo halihifadhiki: likikaa siku chache likakauka, uhai umetoka. Kutoka hapo mche hukaa kitaluni chini ya kivuli kwa muda mrefu, mara nyingi mwaka na zaidi, na ukishapandwa shambani utasubiri miaka sita au zaidi kuona mavuno ya kwanza. Kwa hiyo mtu wa Matombo anayepoteza mche wa karafuu wenye mwaka mmoja amepoteza mwaka, si mche.

Adui wa kwanza hapo ni mchwa, hasa kiangazi. Mchwa kwa asili hula vitu vilivyokufa. Mche wenye afya na maji ya kutosha hawaukimbilii. Mche ulioteseka kwa kiu ndio wanaouanza, na miti mingi ya kigeni, karafuu na mikaratusi ikiwemo, huwavutia kuliko ya asili ya pale. Watu wengi hurundika nyasi kavu hadi shinani kwa nia njema ya kutunza unyevu, kumbe wanajenga daraja. Tandaza nyasi, ndiyo, lakini acha nafasi ya shubiri moja kuzunguka shina, pabaki udongo mtupu unaoweza kuukagua. Ukiona vijia vya udongo vinapanda, vifute kwa mkono kila siku. Mwagilia kiangazi cha kwanza na cha pili kama kuna namna yoyote ya kufikisha maji.

Migomba inasaidia kwa njia mbili: inatoa kivuli ambacho mkarafuu mchanga unakihitaji sana, na mashina yake yaliyokatwa yakilazwa kati ya mistari hutunza unyevu muda mrefu. Wakulima wengi wa huko hupanda hivyo kwa mazoea, karafuu katikati ya migomba, na mazoea hayo yana akili.

Konokono na kuku

Konokono hawahitaji maneno mengi. Ni wa masika, hutoka usiku na siku za mvua, na hujificha mchana chini ya majani, mawe na mbao. Basi wape pa kujificha: weka ubao au kipande cha shina la mgomba kilicholowa kando ya kitalu, asubuhi kigeuze, waokote. Yule konokono mkubwa tunayemzoea huku ni mwenyeji wa pwani ya Afrika Mashariki, na wenzetu waliomchukua walijuta. Mwaka 1966 mtoto mmoja aliingiza watatu Florida, Marekani, kutoka Hawaii. Iliichukua serikali miaka kumi hivi na takriban dola milioni moja kuwamaliza. Sisi tunao bure.

Kuku ndiye tusiyependa kumtaja kwa sababu ni wetu. Kwa miche ya karibu na nyumba, naamini anaharibu kuliko nyani wote wa Uluguru, na malalamiko yote bado huenda kwa nyani. Mara nyingi kuku hafuati mche. Anatafuta wadudu kwenye udongo uliolegezwa, na wewe umemlegezea. Fito na makuti, au matawi ya miiba yaliyosimikwa kwa kubanana kuzunguka kitalu, vinatosha. Kwa mche mmoja mmoja, kama mkarafuu au mfenesi uliopandwa uani, chukua tenga kuukuu, lile lililobebea nyanya hadi likachoka, toa kitako, ligeuze juu ya mche na ulikandamize kwa mawe mawili. Mwanga unapita, upepo unapita, kuku na mbuzi hawapiti. Ni kinga bora kuliko nyingi zinazouzwa.

Wanyama wa msituni

Wanaolima karibu na mpaka wa hifadhi wana nyani, tumbili na nguruwe pori. Nguruwe pori hufukua machipukizi ya migomba na mihogo michanga usiku. Tumbili na nyani huja mchana, na hung'oa miche wasiyoila, labda kwa udadisi.

Sanamu ya nguo kuukuu inafanya kazi siku chache. Baada ya hapo tumbili hukaa juu yake. Kanda za kaseti zilizovutwa juu ya kitalu zikavuma kwa upepo husaidia zaidi kwa ndege. Kinachofanya kazi kwa kweli ni mtu: dungu lililojengwa mahali panapoona pande zote, zamu zilizogawanywa kati ya majirani, na mbwa. Na mahali pa kupanda: mazao matamu weka karibu na nyumba, mpakani weka yale yasiyopendwa sana, kama pilipili, tangawizi au iliki.

Kutega nyaya ndani ya hifadhi ni kosa, na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009 inalinda wanyama hata wakiwa nje yake. Uharibifu mkubwa upelekwe kwa mtendaji wa kijiji naye amfikishie ofisa wanyamapori wa wilaya. Kipo kifuta jasho kinacholipwa na serikali, lakini kimewekewa orodha ya wanyama, tembo akiwemo, na masharti ya ukubwa wa shamba. Mistari mitatu ya nyanya haitafika huko.

Dawa, sasa

Wapo wadudu ambao kinga za mikono haziwatoshi. Kantangaze, kiwavi mdogo anayechimba ndani ya jani la nyanya na aliyeingia nchini mwaka 2014, ni mmoja. Kiwavijeshi vamizi wa mahindi, aliyefika 2017, ni mwingine. Kitalu cha nyanya chenye kantangaze funika kwa chandarua chenye matundu madogo sana kabla ya kufikiria dawa.

Mwarobaini unasaidia. Maji ya mbegu zake zilizotwangwa humfanya mdudu aache kula na ashindwe kujivua ngozi, lakini jua huyavunja nguvu ndani ya siku chache, na mvua ya Matombo huyaosha mapema zaidi. Jivu, kwa maoni yangu, limesifiwa kupita kiasi. Likiwa kavu kuzunguka shina linamkera konokono na sota. Likishanyeshewa limekwisha, na ukilirudia kila siku udongo unaharibika. Mmea wa utupa una nguvu kweli, na ndio huo huo wanaoulia samaki, kwa hiyo usioshee vyombo vyake mtoni.

Hilo la mto ni zito zaidi kwa dawa za dukani. Vijito vya Matombo vinaingia Ruvu, na Ruvu ndiyo inayonywesha Dar es Salaam. Ukilazimika kununua, nunua iliyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, yenye maelezo unayoweza kuyasoma, na umtajie muuzaji jina la mdudu, siyo "dawa ya nyanya". Sumu ya panya usiimwage shambani wazi. Anayeikuta wa kwanza huwa kuku.

Lini uache

Ulinzi una mwisho wake. Nyanya na kabichi zikishapata shina gumu kama penseli, sota hana kazi nazo tena. Mahindi yakipita wiki mbili, ondoa ndoo. Mkarafuu utaukagua kwa mchwa miaka miwili ya kwanza, na tenga lake liondolewe majani yakianza kugusa kingo. Kola ya ganda la mgomba itaoza yenyewe. Ya kopo usiisahau: itoe kabla shina halijajaa, ikate kwa mkasi wa bati ikibidi, maana nimeona michungwa iliyonusurika kwa sota, panya na mbuzi ikanyongwa na kopo la maziwa.